Lijue Neno "Assoil": Kusamehewa Mbali, Kuvuliwa Lawama Mbali

Najua wapo wanachama watakaosoma kichwa cha makala haya na kuuliza mbona mwandishi asivishwe diski shingoni. Gazeti ni la Kiswahili, chama ni cha Kiswahili, halafu huyu anatuletea Kiingereza! Nawaomba subira. Neno lenyewe hata Waingereza wengi hawalijui. Ukimsimamisha Mwingereza barabarani leo ukamwuliza maana ya "assoil", yamkini atadhani unamwuliza habari za udongo, kwa vile mwisho wa neno hilo unafanana na neno lao la udongo. Sasa kama wenyewe wamelitupa, si halali yetu kuliokota?

Nami nimeliokota kwa sababu. Kuna jambo ambalo Kiswahili chetu, hasa hiki cha magazetini na cha paredi ya Jumatatu, hulichanganya kila siku, na mchanganyiko huo umewahi kumwumiza mtu ninayemjua. Nitafika huko. Kwanza tulijue neno.

"Assoil" ni kitenzi. Maana yake ya msingi ni kumfungua mtu kutoka katika dhambi, hatia, laana au deni. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "absolvere", kilichoundwa kwa vipande viwili: "ab", yaani kutoka kwa, na "solvere", yaani kulegeza au kufungua kitu kilichofungwa. Fikiria mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti wa mwembe. Ukiifungua ile kamba, kwa Kilatini umefanya "solvere". Lakini Warumi hawakukomea kwa mbuzi. Deni nalo waliliona kuwa kamba, kwa hivyo kulilipa ni "solvere". Swali gumu ni fundo, na kulijibu ni "solvere" vilevile. Chumvi ikiyeyuka majini, imelegea, kitenzi ni kile kile. Katika mahakama zao waamuzi walipiga kura kwa vibao vidogo vilivyopakwa nta. Aliyeona mshtakiwa hana hatia aliacha herufi A, ya "absolvo", yaani namfungua. Aliyeona ana hatia aliacha C, ya "condemno". Herufi moja tu, na maisha ya mtu yananing'inia hapo.

Kilatini kilipozidi kutafunwa midomoni mwa watu wa nchi inayoitwa Ufaransa leo, "absolvere" likapoteza meno, likawa "assoldre", na katika umbo lake la kuombea, "assoille". Mwaka 1066 Wanormani wakaivuka bahari na kuishinda Uingereza, wakaja na Kifaransa chao mahakamani, kanisani na mezani. Kufikia karne ya 13 neno letu lilikuwa limeshaingia katika maandishi ya Kiingereza. Baadaye, katika karne ya 15, wasomi walirudi kwenye vitabu vya Kilatini wakachota neno lile lile kwa mara ya pili, safari hii bila kulitafuna: "absolve". Ndiyo maana Kiingereza kina ndugu wawili wa mama mmoja, mmoja aliyepitia mtaani Ufaransa na mwingine aliyepitia maktabani. Msicheke, hata sisi tunao. "Shule" tulipewa na Wajerumani na "skuli" tukapewa na Waingereza, na mzizi wake ni mmoja.

Haya, neno likishaingia nchini lilifanya kazi gani? Kazi ya kwanza ilikuwa ya kanisani. Muumini alikwenda kwa padre, akaungama, naye padre akamfungua. Tena haikuwa dhambi tu. Mtu aliyetengwa na kanisa alikuwa kama aliyefungwa kamba, haruhusiwi sakramenti, wala watu hawakutakiwa kushirikiana naye. Kuirudisha hadhi yake kulihitaji kufunguliwa rasmi. Wasomaji Wakristo watakumbuka kwamba katika Injili ya Mathayo mamlaka waliyopewa mitume yanaelezwa kwa vitenzi viwili tu, kufunga na kufungua. Kwa hivyo picha ya kamba haikubuniwa na Waingereza. Ilikuwako.

Palipo na heshima, wachuuzi hawakosi. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, katika kitabu chake cha masimulizi ya mahujaji wanaokwenda Canterbury, ana mhusika mmoja ambaye kazi yake ni kuuza vyeti vya msamaha wa dhambi. Jamaa huyo huhubiri dhidi ya tamaa ya pesa huku mfuko wake ukijaa, na kitenzi anachowaahidia wanunuzi ni hiki hiki chetu. Alilitumia neno "assoil" kama mwuza dawa za kunguni anavyoitumia spika yake.

Kazi ya pili ya neno hilo inanigusa zaidi. Waingereza wa karne ya 15, walipomtaja mtu aliyekwisha kufa katika barua au wasia, waliongeza papo hapo maneno ya kumwomba Mungu amfungue. Mjane hakuandika "mume wangu" peke yake. Aliandika mume wangu, ambaye Mungu na amfungue, kisha akaendelea na habari za mashamba na kodi. Dua ilikuwa imeshonwa ndani ya jina. Je, hamwoni kitu hapo? Sisi tunafanya hivyo hivyo kila siku bila kujua. Neno "marehemu" limetoka katika Kiarabu "marhum", na maana yake si mtu aliyekufa. Maana yake ni aliyerehemiwa, mtu aliyefikiwa na rehema. Kila tunaposema "marehemu babu" tunamwombea babu. Walimu wetu hubishana sana kuhusu "marehemu" na "hayati", lipi la mtu wa kawaida na lipi la mtukufu. Mimi nikiulizwa nitachagua "marehemu" kwa wote, maana "hayati" linatokana na uhai tu, bali "marehemu" lina sala ndani yake.

Sasa tufike mahali ambapo mimi mwenyewe nilifurahi hadi nikaifunga kamusi nikacheka. Kazi ya tatu ya "assoil", ambayo imekufa zamani, ilikuwa kujibu fumbo. Mwingereza wa zamani akitegewa kitendawili akakijibu, alikuwa ame-"assoil" kitendawili. Mtu wa leo atashangaa: dhambi na kitendawili wapi na wapi? Mswahili hashangai hata kidogo. Sisi tunasema "Kitendawili!" na wenzetu wanaitikia "Tega!" Anayejibu anakitegua. Kutega ni kuweka mtego, na kutegua ni kuufyatua mtego ili aliyenaswa atoke. Asiyeweza kutegua anabaki mtegoni mpaka autoe mji. Kumbe picha ni ile ile. Swali ni kifungo, jibu ni ufunguo.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu mtaitambua kauli hii, ni ya kutendua: funga na fungua, tega na tegua, tata na tatua, ziba na zibua, vaa na vua. Kwetu sisi kiambishi kidogo hiki chafanya kazi ambayo Mlatini aliifanya kwa "solvere". Tunaposema "kutatua tatizo" tunazungumza juu ya uzi uliotatana. Isitoshe, kamusi ya Webster ya Marekani ya mwaka 1913 inaorodhesha chini ya "assoil" maana nyingine iliyochakaa ya kuondoa au kuvua kitu. Liwekeni akilini neno hilo la kuvua, nitalirudia. Kamusi hiyo hiyo ina "assoil" nyingine, isiyo na undugu na hii, yenye maana ya kuchafua. Kwa hivyo maandishi ya neno moja yaweza kusomwa kuwa ni kumtakasa mtu au kumpaka matope! Pengine ndiyo sababu Waingereza waliona heri waliache.

Lakini Waskoti hawakuliacha. Huko neno linaandikwa "assoilzie", na msijaribu kulitamka kama lilivyoandikwa. Ile z si z. Zamani Kiskoti kilikuwa na herufi iliyoitwa yogh, yenye umbo la karibu na tarakimu 3, na sauti yake ilikaribia y. Wachapishaji walipoleta mashine zao hawakuwa na herufi hiyo katika visanduku vyao, basi wakachukua z kwa kuwa zinafanana sura. Tangu hapo sauti ikabaki ya kwake na maandishi ya kwake. Neno letu hutamkwa karibu na "asoili". Jina la watu "Menzies" nalo kwa Waskoti ni karibu na "Mingis". Mwanasiasa Menzies Campbell, aliyekiongoza chama cha Liberal Democrats mwaka 2006 na 2007, aliitwa Ming na kila mtu.

Scotland na Uingereza ziliungana mwaka 1707, lakini mkataba wa muungano uliiacha Scotland na sheria yake na mahakama zake. Ndiyo sababu neno ambalo London walilizika liliendelea kuishi Edinburgh. Mwandishi Walter Scott, ambaye naye alikuwa wakili wa huko, aliwatia wahusika wake neno hilo midomoni ili wasikike kama watu wa kale. Mawakili wenzake hawakuwa wakiigiza. Kwao lilikuwa neno la kazi, na bado ni la kazi. Mtu akishtakiwa kwa madai ya fedha au ardhi, kesi ikasikizwa na akashinda, mahakama hum-"assoilzie". Hukumu yenyewe huitwa "absolvitor". Maana yake ni kwamba dai lile limekwisha, mdai hawezi kurudi mwakani na karatasi zile zile. Hiyo ni tofauti na dai kutupwa tu, pengine kwa kuwa hati hazikuandikwa sawasawa, kwani lililotupwa hivyo laweza kuokotwa na kurudishwa. Waskoti wameona kwamba kuna kutoka mahakamani kwa namna mbili, wakazipa majina mawili.

Katika kesi za jinai walikuwa na jambo la ajabu zaidi, hukumu tatu: ana hatia, hana hatia, na "haikuthibitishwa". Aliyepewa ile ya tatu alikwenda zake nyumbani huru kabisa, ila majirani walibaki wakimtazama kwa jicho la pembeni. Mwaka 2025 Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kuiondoa hukumu hiyo. Kwa maoni yangu walichelewa. Nusu ya kufunguliwa bado ni kufungwa.

Hapa sasa ndipo ilipo kiini cha makala yangu. "Assoil" husemwa kuwa ni neno la msamaha, na kwa dhambi ni kweli. Lakini lile neno la kawaida la Kiingereza, "pardon", lina mzizi tofauti kabisa. Hilo limetokana na Kilatini "perdonare", yaani kutoa zawadi kikamilifu. Msamaha ni zawadi. Hata sisi "samehe" limetoka kwa Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ukarimu. Na "maghufira" limetoka katika mzizi wa kufunika, kama kofia ya chuma inavyofunika kichwa cha askari. Kuna tena "amnesty", ambalo kwa Kigiriki ni kusahau. Waingereza waliwahi kupitisha sheria nzima ya kusahau, mwaka 1660, baada ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe na kurudi kwa Mfalme Charles wa Pili. Zawadi, ukarimu, kufunika, kusahau. Maneno matamu yote. Lakini yote yanasimama juu ya jambo moja, kwamba kosa lilitendeka.

Je, kama halikutendeka?

Mwaka 1950 kijana mmoja mjini London, Timothy Evans, alinyongwa kwa kosa la kumwua binti yake mchanga. Miaka mitatu baadaye ikagunduliwa kwamba aliyeishi naye nyumba moja, John Christie, alikuwa mwuaji wa wanawake kadhaa, na alikiri kwamba ndiye aliyemwua mke wa Evans. Christie naye alinyongwa mwaka 1953. Mwaka 1966 Evans akapewa msamaha wa Malkia. Soma tena polepole: alisamehewa. Alisamehewa nini, na nani amsamehe nani? Mwaka 2004 majaji wa London walikubali kwamba Evans hakuwaua mkewe wala mtoto wake, lakini hukumu ya mwaka 1950 haikufutwa katika daftari. Msamaha ulikuwa kama kumpa mtu zawadi ya koti lake mwenyewe lililoibwa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu jambo la namna hiyo, ingawa dogo, lilitokea katika ukoo wetu. Binamu yangu alikuwa katika shule moja ya bweni. Zikapotea shilingi 4,000 za ziara ya darasa. Yeye ndiye aliyeonekana mara ya mwisho katika chumba zilimowekwa, basi akaambiwa aende nyumbani arudi na mzazi. Alikaa wiki mbili nje. Siku ya kumi na tatu pesa zikaonekana, zimeanguka nyuma ya droo ya meza ile ile, bahasha haijafunguliwa hata. Akaitwa. Paredi ikasimama, na mbele ya shule nzima ikatangazwa kwamba "uongozi umeamua kumsamehe, na arudi darasani". Watu wakapiga makofi. Alipokuja likizo akatuhadithia. Nyanya, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliuliza swali moja tu: "Wamekusamehe nini, mjukuu wangu?" Hakuna aliyemjibu. Mpaka anamaliza Kidato cha Nne huko shuleni, binamu alijulikana kama yule aliyesamehewa ile pesa. Kofi lake walilipiga kwa mkono mmoja na kumpangusa kwa mwingine, na alama ikabaki.

Sitaki kuamini kwamba aliyetangaza alikuwa na roho mbaya. Nafikiri hakuwa na kitenzi karibu. Hebu chukua gazeti lolote la Kiswahili utazame habari za mahakamani. Mshukiwa akilipa dhamana, "ameachiliwa". Kiongozi wa mashtaka akiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, mtu "ameachiliwa", ingawa sheria inasema wazi kwamba anaweza kukamatwa na kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Hakimu akipima ushahidi akamwona hana hatia, kwa kifungu cha 210 au 215, basi huyo naye "ameachiliwa", ilhali Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 50, inamkinga asishtakiwe tena kwa kosa hilo. Na Rais akitumia uwezo wa huruma anaopewa na Kifungu cha 133, ambao ni wa watu waliokwisha kupatikana na hatia, mfungwa "ameachiliwa" pia. Watu wanne, hali nne, kitenzi kimoja! Jirani anayesoma gazeti kwenye kibanda cha chai atajuaje ni yupi amhofu na ni yupi amwonee huruma?

Wapo watakaosema Kiswahili ni maskini. Waama si kweli. Tumejaa vitenzi vya kufungua kuliko Mlatini. Tuliyonayo hatuyatumii, basi. Mimi napendekeza hivi. Aliyelipa dhamana aandikwe kuwa ameachiliwa kwa dhamana, na mwandishi asiwe mvivu wa kumalizia maneno mawili. Ambaye kesi imeondolewa, kesi yake imeondolewa, na iachwe hapo. Aliyehurumiwa na Rais amesamehewa. Lakini yule aliyesikizwa na kuonekana hakutenda, huyo "amevuliwa lawama". Nimechagua kuvua kwa makusudi. Lawama huvishwa mtu, tena hadharani, kama diski ile ya shingoni, na kilichovishwa hadharani yafaa kivuliwe hadharani. Aidha ni kauli ile ile ya kutendua, kwa hivyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hatahitaji kufafanuliwa. Kuna mwanachama mwenzangu anayependelea "ametakaswa". Mimi nakataa. Kinachotakaswa kilikuwa kichafu, na hapo tumerudi kule kule kwa Evans.

Mlezi wa chama ameniahidi kwamba pendekezo hili litajadiliwa katika mkutano wetu wa kwanza wa muhula ujao, na kwamba wanachama wanaotoka Mvita, Lamu na Vanga waulize wazee wao nyumbani kama kuna neno la asili kwa mtu wa namna hii, maana baraza za wazee zilikuwako kabla ya magazeti. Anayelipata alilete limeandikwa, pamoja na jina la mahali alipolisikia. Binamu yangu nimemwandikia barua nikimwuliza yeye angependa paredi ile imwite nani. Amenijibu kwa mstari mmoja, kwamba angependa wangesoma tu kiasi cha pesa na mahali zilipopatikana, kisha wakae kimya.